Dibaga imeng'ang'ania faili: maswali yenu ya GDB

Barua nyingi safari hii zina kosa moja: mnadhani dibaga (programu ya kuchunguzia programu nyingine, kama GDB) imeshika kitu kimoja. Imeshika viwili. Kuna faili iliyolifungua ili isome alama (majina ya funksheni na vigeu), na kuna mchakato, yaani programu inayokimbia, ilioukamata. Kila kimoja kina namna yake ya kuachiwa.

Shikamoo mwalimu. Kila nikirekebisha msimbo nafunga GDB, nakompaili, naifungua tena, halafu naanza kuweka vituo vyangu vya kusimamishia programu (breakpoints) kimoja kimoja. Ndiyo kazi yenyewe? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Hapana, unajichosha bure. Iache wazi. Andika `kill` kuua mchakato, kompaili (hata `make` unaweza kuiandika humo humo ndani ya GDB), kisha `run`. GDB hutazama saa ambayo faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Ikikuta si ile iliyoijua, hutupa jedwali la alama la zamani na kusoma jipya, na hujitahidi kukubakizia vituo vyako.

Ila kituo ulichokiweka kwa namba ya mstari hubaki kwenye namba, hakiufuati msimbo. Ukiongeza mistari mitano juu yake, mstari wa 42 wa leo si ule wa jana. Mimi huweka vituo kwa jina la funksheni. Namba nazitumia kwa shughuli ya dakika tano tu.

Na ukitaka GDB iliteme faili bila wewe kuifunga, andika `file` peke yake, bila jina lolote mbele.

Nimeidandia (`attach`) huduma yetu inayokimbia kwa GDB kwenye seva. Nikitaka kuweka baineri mpya (faili la programu iliyokwisha kompailiwa) kwa `cp`, inagoma: "Text file busy". Hata nikiitoa GDB inagoma vilevile. Nani kashika faili? (Mtunza seva, Nairobi)

GDB umeisingizia. Yenyewe imelifungua faili kwa kusoma tu, na kusoma hakumzuii mtu kuandika. Anayekataa ni keneli, kiini cha Linux, na anamlinda mchakato unaokimbia. Baineri haipakiwi yote kwa mkupuo. Huletwa kumbukumbuni kipande kwa kipande, kadiri kinavyohitajika. Ungeruhusiwa kuandika juu yake, programu ingeendelea nusu ya zamani na nusu mpya.

Acha `cp`, tumia `mv`. Weka faili jipya kwa jina la muda kwenye folda ileile, kisha ulihamishie kwenye jina la zamani. Kwenye Linux jina ni kibao cha mlangoni tu; nyumba yenyewe ni inodi, yaani rekodi ya faili lenyewe kwenye diski. `mv` hung'oa kibao na kukipachika kwenye nyumba mpya, na mpangaji wa nyumba ya zamani haambiwi kitu. Anaishi humo mpaka atoke mwenyewe, ndipo inabomolewa.

Wengi huanguka hapo. Umeweka toleo jipya, hujaianzisha upya huduma, kisha unaidandia kwa GDB huku ukiipa baineri iliyoko kwenye diski. Mchakato wa zamani, alama mpya! Mistari inarukaruka, vigeu vinaonyesha takataka. Niliwahi kupoteza siku nzima namna hiyo nikiilaani kompaila. Siku hizi kwanza napiga `ls -l /proc/1234/exe`, 1234 ikiwa namba ya mchakato. Ukiona neno "deleted" mwishoni mwa jina, ujue kibao kimeshahama. Lakini nyumba bado ipo: `cp /proc/1234/exe /tmp/zamani`, na hiyo ndiyo uipe GDB.

Maktaba za `.so` (msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja), kwa bahati mbaya, hazina ulinzi huo. `cp` juu ya `.so` inayotumika hukubali kimyakimya, halafu programu inaanguka wakati wowote, mahali popote. Huko `mv` ni lazima.

Kwenye Windows linka (inayounganisha vipande vya msimbo kuwa programu) inaniletea kosa la LNK1168, haiwezi kuliandika faili la `.exe`. Nimeshaifunga dibaga. (Msomaji, Mombasa)

Programu yenyewe bado iko hai. Itafute kwenye Task Manager uiue. Ukiwa huwezi kuiua, badilisha jina la `.exe`: Windows hairuhusu kuifuta wala kuiandika ikiwa inakimbia, lakini kuibadilisha jina inaruhusu.

Nikitoka GDB, programu niliyokuwa naichunguza itakufa? Ni mfumo wa wateja, naogopa. (Mhandisi, Kampala)

Inategemea nani aliianzisha. Uliyoianzisha kwa `run` hufa nawe ukitoka. Uliyoidandia kwa `attach` huachiwa ikaendelea, ila mimi huandika `detach` kwanza, kwa usalama wa moyo. Jambo la kuogopa zaidi ni hili: tangu dakika ulipoidandia mpaka utakapoandika `continue`, programu imesimama kabisa, na wateja wako wamesimama nayo.

Na kama `attach` yenyewe inakataliwa, angalia mstari wa TracerPid ndani ya `/proc/1234/status`. Namba isiyo sifuri maana yake kuna mwingine ameshaukamata mchakato huo, labda `strace` (chombo kingine cha kufuatilia programu) uliyoisahau kwenye dirisha jingine. Wawili hawaruhusiwi.

Nina faili la kore (nakala ya kumbukumbu ya programu ilipoanguka) kutoka kwa mteja, lakini majina ya funksheni yanayotokea hayaeleweki. Baineri nimeijenga upya kutoka msimbo uleule. (Msomaji, Dar es Salaam)

"Uleule" ndiyo shida. Kompaila ya toleo jingine, au bendera (chaguo la kompaila) moja tofauti, na anwani zote zinahama. Linganisha kitambulisho cha ujenzi (build ID): `readelf -n` hukuonyesha cha baineri yako, kwa kawaida tarakimu 40 za heksadesimali, na `eu-unstrip -n --core` hukuonyesha vilivyomo kwenye kore. Visipofanana, hakuna amri ya GDB itakayokuokoa.

Kuanzia toleo lijalo hifadhi baineri pamoja na alama zake kabla ya kuzikata. Kwa hili la sasa, kama kuna seva moja iliyosahaulika ambako toleo lile bado linakimbia, iwahi kabla hawajaisasisha.