Kabla ya kulaumu mshipi, tazama ncha yake

Msimu mmoja wa kaskazi shemeji yangu anayeishi Muscat alikuja likizo Tanga akaniletea fimbo ya kuvulia, rili, na mita 300 za uzi wa kusuka, mwembamba kama uzi wa cherehani lakini kwenye boksi imeandikwa kwamba unahimili kilo 30. Maisha yangu yote nilikuwa nimevua kwa nailoni. Nilifunga ndoana kama nilivyozoea, tukatoka alfajiri hadi nje ya Yambe, na kabla jua halijapanda nikanasa samaki aliyenifanya nishike ukingo wa mashua kwa mkono mmoja. Alikuwa kolekole. Nilimwona ubavu ukimeta mara moja chini ya maji, kisha fimbo ikanyooka na uzi ukawa mwepesi.

Nikaanza kuulaani uzi. Nahodha wetu, mzee aliyeanza kuvua kabla mimi sijazaliwa, aliniacha nikamaliza, kisha akasema, "Lete hiyo ncha, mwanangu." Akaipitisha kati ya vidole, akaisogeza karibu na macho. Ncha ilikuwa ileile niliyoikata kwa kisu asubuhi, safi kabisa, ila ina vijikunjo vitano vidogo vilivyofuatana. "Hakuna kilichokatika hapa," akasema. "Fundo limejifungua. Uzi huu unateleza kama mkunga, na wewe umeufunga kama nailoni."

Tangu siku hiyo, kila ninapopoteza samaki, jambo la kwanza ni kutazama ncha, na naomba nawe ujizoeze hivyo kabla hujatoa pesa kununua mshipi mwingine. Nailoni iliyojikunja mwishoni kama mkia wa kinyonga ina maana kwamba fundo limeteleza mpaka likaachia. Ncha iliyokatika sawasawa kama kwa wembe ni meno: nguru au mzia amepita hapo. Ikiwa imechubuka na kuwa na manyoya kwa urefu wa shubiri au zaidi, ni mwamba, na pengine chewa amekuingiza pangoni mwake. Na ikiwa nailoni imekuwa nyeupe na kukauka kidogo pale ilipokatikia, basi uliikaza bila kuilowesha, ikajiunguza yenyewe. Magonjwa manne hayo, na dawa zake hazifanani. Anayetibu yote kwa kununua mshipi mnene zaidi anapoteza pesa, na samaki nao wanauona mshipi wake kwa mbali.

Nianze na hilo la kuungua, kwa sababu ndilo nililolifanya kwa miaka mingi bila kujua. Unapovuta fundo likaze, mshipi unajisugua wenyewe kwa wenyewe mahali padogo sana, na joto linalotokea hapo linatosha kuidhoofisha nailoni. Mate yanatosha kulizuia. Weka fundo mdomoni likiwa bado limelegea, lilowe, halafu uvute polepole kwa nguvu moja isiyo na mishtuko, mpaka mizunguko yote ilale sambamba bila mmoja kumpanda mwenzake. Mzunguko uliompanda mwenzake ni kisu: samaki akivuta, wa juu unakata wa chini. Ukiona umepanda, usijiambie kwamba utajipanga wenyewe baharini. Kata, funga upya.

Sasa mafundo yenyewe. Nimejaribu mengi, na nimebaki na matatu ya kufungia ndoana.

Kwa nailoni ya kawaida, ile ya kuvulia changu na tasi, fundo la mizunguko linatosha. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, izungushe kwenye mshipi wenyewe mara tano, irudishe ndani ya kijitundu kilichobaki karibu na ndoana, kisha ipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitengeneza ulipoirudisha. Hatua hiyo ya mwisho wengi wanaiacha, nayo ndiyo inayolishika fundo lisiteleze. Acha mkia wa milimita tatu hivi. Usiukate mpaka kwenye fundo. Mshipi ukiwa mnene, kuanzia milimita moja kwenda juu, mizunguko mitano haitakaza vizuri hata ukivuta kwa koleo, kwa hiyo punguza iwe mitatu au minne. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mizunguko mingi ni nguvu nyingi. Fundo lisilokaza nyumbani litakazia baharini, samaki akiwa ameshika, na litakapokuwa linakaza ndipo litakapoungua.

Kwa uzi wa kusuka, fundo hilo lisahau kabisa. Uzi huo umetengenezwa kwa polietilini, ndugu wa plastiki ya mfuko, na kama mfuko hauna mshiko. Fundo ninalolitumia ni lile linaloitwa Palomar, na ajabu yake ni kwamba ni rahisi kuliko mengine yote. Kunja uzi uwe wa pande mbili kwa urefu wa shubiri moja, pitisha mkunjo huo kwenye tundu, funga fundo la kawaida kama la kamba ya kiatu hatua ya kwanza, lakini liache limelegea. Ndoana itakuwa inaning'inia katikati. Chukua sasa ule mkunjo, uvushe juu ya ndoana nzima mpaka upite nyuma yake, lowesha, kisha vuta uzi na mkia pamoja. Uzi unakuwa umepita kwenye tundu mara mbili, na ndiyo sababu hautelezi. Udhaifu wake ni mmoja: ukiwa na chambo cha bandia chenye ndoana tatu-tatu, kukivusha kwenye mkunjo ni kazi, na uzi unaweza kunasa kwenye ncha bila wewe kuona. Na jambo la usalama: uzi wa kusuka usiuzungushe mkononi, hata kwa samaki mdogo. Nailoni itakuumiza, lakini uzi huu utakata nyama.

La tatu ni la ndoana zisizo na tundu, zile zenye kichwa bapa ambazo wazee wetu wamezitumia miaka yote na ambazo madukani bado ni nafuu. Hapa mshipi unalazwa kwenye shina la ndoana, unaacha kitanzi, kisha unalizungushia shina na mshipi uliolazwa mara saba au nane kuelekea kwenye kitanzi, ncha unaipenyeza ndani yake, unavuta mpaka mizunguko isukumwe juu na kuegemea ubapa. Angalia upande mshipi unapotokea. Lazima utokee upande wa mdomo wa ndoana, yaani ule unaotazamana na ncha kali. Ukitokea nyuma, ndoana itakaa upinde na haitashika vizuri, na pia ukingo wa ubapa utaula mshipi kidogo kidogo. Nimeona watu wakibadilisha chambo mara kumi kumbe tatizo ni hilo tu.

Kwa nguru na mzia hakuna fundo litakalokusaidia, unahitaji waya. Waya wa uzi mmoja haufungwi fundo, unasokotwa. Pitisha kwenye tundu, kisha pande zote mbili zizungukane kwa mshazari mara nne, kama kamba inayosokotwa, halafu ule mkia uzungushe mara tano ukibanana juu ya waya ulionyooka. Watu wengi wanafanya ile ya pili tu, na waya unateleza kwa sababu upande mmoja umenyooka na mwingine ndio uliouzunguka. Mwisho usikate kwa koleo. Kunja mkia uwe kama mpini mdogo, uzungushe kama unavyozungusha ufunguo, utakatika wenyewe karibu kabisa na kiungo. Ukikatwa kwa koleo unabaki mwiba, na mwiba huo utakuchana kiganja siku utakaposhika waya kumpandisha samaki.

Kuhusu swiveli, kile kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka kati ya mishipi miwili, nimekuwa mkali kidogo. Kazi yake ni moja, kuzuia mshipi usijisokote, hasa unaporambaza, yaani unapoburuta chambo nyuma ya mashua inayokwenda, au chambo kinapozunguka kwenye mkondo. Nyingi zinazunguka vizuri sana ukizijaribu kwa vidole dukani, lakini zikibeba uzito zinaganda. Nikinunua aina mpya huwa naifungia ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, naining'iniza kwenye mti wa mwarobaini nyuma ya nyumba, halafu naizungusha ndoo. Ndoo hiyo ni kama kilo 20. Ikizunguka na mshipi wa juu ukatulia, swiveli ni nzima. Mshipi wa juu ukianza kujisokota nao, hiyo ni pambo. Zile zenye kipini cha kufungua na kufunga nazo nazipima vivyo hivyo: nafungia ndoo na kuiangusha kidogo ishtuke. Nimewahi kuona kipini cha waya mwembamba kikinyooka palepale, ndoo ikamwagika, na nikamshukuru Mungu kwamba haikuwa nguru wa kilo kumi.

Lakini usijaze viungo. Kila swiveli ina mafundo mawili, na kila fundo ni mahali pa kukatikia. Kwa mshipi wa mkono wa changu, chubwi moja ya kuuzamisha na ndoana mbili, mimi siweki swiveli hata moja. Ndoana za pembeni nazifunga kwenye vitanzi vilivyofungwa juu ya mshipi uleule bila kuukata.

Kuunganisha uzi wa kusuka na kipande cha nailoni mbele yake ni suala lingine, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Ninayoyafunga ni mafundo mawili yanayotazamana: kila uzi unaufunga kwa kuuzungusha mwenzake, kisha unavuta mpaka mafundo yagongane. Uzi wa kusuka nauzungusha mara nane, nailoni mara nne, kwa sababu mmoja unateleza na mwingine ni mnene. Yapo mafundo membamba zaidi yanayopita kwenye pete za fimbo bila kugonga, lakini yanahitaji mikono iliyotulia na mwanga, na kusi ikivuma ndani ya mashua huna vyote viwili. Yafunge nyumbani.

Mshipi ukizidi unene wa milimita moja na robo hivi, wa papa au jodari, mimi naachana na mafundo. Natumia vibomba vya kubana: mshipi unapita ndani, unazunguka tundu, unarudi ndani ya kibomba, unabanwa kwa koleo lake. Kwa nailoni tafuta vya alumini, kwa kuwa ni laini. Vya shaba naviacha kwa waya. Kibomba lazima kilingane na mshipi, pande mbili zipite kwa kubanana bila kucheza. Bana katikati, ncha mbili za kibomba ziache milimita moja bila kubanwa, zibaki zimefunguka kama mdomo wa tarumbeta. Ukibana mpaka mwisho, ukingo unageuka kisu. Mkia uchomeshe kwa kiberiti uwe kidonge kidogo, ila moto usiuguse mshipi wenyewe.

Na kuna fundo ambalo hukulifunga. Baada ya kurusha au kuvuta ovyo, utakuta kifundo kidogo katikati ya mshipi, kimejikaza chenyewe. Hicho kinaweza kuondoa karibu nusu ya nguvu ya mshipi hapo kilipo. Hakifunguliwi kwa meno. Kata.

Jua nalo linakula nailoni, kwa hiyo mshipi nauweka ndani ya mfuko wa kitambaa, siuachi juu ya mashua mchana kutwa. Na kila baada ya samaki wawili watatu, napitisha mita ya mwisho ya mshipi kati ya midomo yangu. Midomo inahisi mkwaruzo ambao vidole vilivyokakamaa kwa chumvi havihisi. Nikiusikia, nakata juu ya mkwaruzo na kufunga upya, hata kama wenzangu wanapandisha samaki na nahodha anasema mkondo unakaribia kugeuka.