Sauti ile naifahamu

Wete, Pemba

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa barazani peke yangu ili mama yako asinione uso. Umesema umemaliza vitabu vinne vya kujikubali na kuishi kwa upole, na bado juzi umemfokea mwanafunzi wako wa darasa la pili mpaka akajikojolea. Kisha ukalala ukijiita mnyama. Ukaniuliza: "Baba, vitabu hivi vinasaidia kweli, au najidekeza tu?"

Nikujibu kama mwalimu mstaafu kwanza. Kama baba ndiko kugumu, acha nijivute taratibu.

Vinasaidia, lakini si vinne kwa mwezi. Unavisoma kama tulivyokuwa tukisoma usiku wa kuamkia mtihani. Kitabu cha namna hii huwa na ukurasa mmoja au miwili ya kazi, na kurasa mia mbili za kukushawishi uifanye. Utafute ule wa kazi, ukae nao wiki tatu. Vile vinavyokuahidi maisha mapya ndani ya siku saba virudishe kwa aliyekuazima.

Yule mwanasaikolojia wa Kimarekani uliyenitajia, Kristin Neff, nimemsoma kwenye simu uliyoniachia, herufi nimezikuza mpaka neno moja linajaza kioo. Tangu 2003 anaeleza mambo matatu: ukikosea jisemeshe kwa upole, kumbuka kuwa kukosea ni kwa binadamu wote, hukuzaliwa nako wewe peke yako, na uchungu wako uutazame ulivyo, usiukuze wala usiufukie. Nikasema moyoni, haya mbona hata bibi yako aliyajua? Lakini kuyajua na kuyatenda ni vitu viwili, na bibi yako pia alikuwa na ulimi wa kiwembe.

Sasa hilo la kujidekeza. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Juliana Breines na Serena Chen, waliwapa wanafunzi mtihani mgumu wa msamiati. Kundi moja likaambiwa kuwa mtihani ule huwashinda wengi, wasijihukumu sana. Kundi jengine likasifiwa akili. Kisha wakapewa nafasi ya kujisomea kabla ya mtihani wa pili, na walioambiwa wasijihukumu ndio waliokaa na karatasi muda mrefu zaidi. Niliposoma hapo niliiweka simu chini. Miaka 32 nimeshika bakora nikiamini kuwa mtoto asiposemwa hasomi.

Na najua hofu yako nyengine imetoka chuoni, kule kwenye Kurani, kwamba nafsi ni yenye kuamrisha maovu na haifai kubembelezwa. Sawa. Lakini ulisoma pia Suratul Qiyama, ambamo Mwenyezi Mungu anaiapia nafsi yenye kujilaumu. Kwa hiyo lawama ina heshima yake. Kujilaumu ni kusema, "Nimemfokea mtoto, sikumtendea haki." Kujiita mnyama ni jambo jengine kabisa, mnyama haombi radhi, na ukishakuwa mnyama huna tena deni la kulipa. Umejitukana ukalala, mtoto wa watu bado anakudai.

Imam Ghazali, aliyefariki 1111, ameifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi mnawekeana sharti, jioni mnafanya hesabu. Naye si mpole hata kidogo, kuikaripia nafsi amekuwekea kabisa. Ila mimi naongeza langu: mshirika ukimtukana kila jioni, iko siku atakuficha daftari. Na Mtume (s.a.w.) alipotwambia tumpendelee ndugu yetu kile tunachojipendelea nafsi zetu, kipimo amekiweka ndani yetu wenyewe. Wewe pishi yako umeitoboa chini, utampimia nini mwenzio?

Haya, sasa kama baba.

Siku yalipotoka matokeo yako ya kidato cha pili ulikuwa uani umekaa juu ya mbuzi, unakuna nazi. Nikasimama mlangoni na karatasi mkononi nikasema, "Kichwa hiki pumba tupu." Hata sauti sikuipandisha. Hukunijibu. Uliendelea kukuna mpaka meno ya mbuzi yakakupata kidole, damu ikaingia kwenye nazi. Ukaimwaga yote, ukavunja nyengine, ukaanza upya. Mimi nikatoka kwenda kusali laasiri.

Maneno yale sikuyatunga. Niliambiwa na babu yako chini ya mkarafuu, siku niliyokanyaga tawi likakatika nikabaki nimening'inia. Mkarafuu hauna mchezo, matawi yake mepesi kuvunjika, na watu wameanguka wakabaki vilema. Sasa naona alikuwa ameingiwa na hofu. Lakini hofu yake ilitoka kama tusi, nikalipokea kama tusi, nikaliweka miaka yote ile, halafu nikakupa wewe. Sauti inayokuita mnyama usiku naifahamu, mwanangu. Ni yangu. Nakuomba unisamehe. Nimekuwa nikitaka kukwambia hili muda mrefu, ila kila ukija tunaishia kuzungumza habari za paa na bei ya karafuu.

Usidhani nimekwisha kupona. Juzi usiku tulikuwa ukumbini tunachambua karafuu, mimi, mama yako na mjukuu wa jirani. Nikainuka kufuata maji, goti likapiga pakacha, karafuu zikachanganyika na makonyo, vile vijiti vyake, tuliyokwisha kuyatenga. Kazi ya saa mbili nzima. Nikasema kwa nguvu, "Zee zima, huna hata macho!" Yule mtoto akaacha kuchambua. Akamtazama mama yako, akanitazama mimi, akauliza, "Mwalimu, unamgombeza nani?"

Mama yako akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Nikamjibu mtoto, "Namgombeza babu mmoja hivi, kamwaga karafuu." Akafikiri kidogo. "Kwani alikusudia?" Nikasema hakukusudia. Akainama akaanza kuchambua upya, nami nikakaa chini.

Ule ukurasa wa kazi wa Neff ndio huo huo: andika ulichojiambia, kisha andika ungemwambia nini rafiki yako lau kosa lingekuwa lake. Fanya kwa kalamu, si kichwani. Mimi nafanya nyuma ya daftari la vibarua. Kama usingizi utaendelea kukukimbia na chakula hakipiti, hapo kitabu kimefika mwisho wake, nenda kwa daktari wala usione haya.

Na yule mtoto. Umemfokea mbele ya wenzake, basi muombe radhi mbele ya wenzake, lakini kwa kumfokea tu. Habari ya kujikojolea usiitaje kabisa, hata kwa kumhurumia, maana watoto wa darasa la pili hawasahau. Mwite jina lake. Sema maneno mawili matatu, uendelee na somo. Na pipi isitangulie, nakujua wewe.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama ile samli imefika. Ukija na boti nibebee kile kitabu chenye jalada la kijani, hivyo vitatu wape walimu wenzio. Mvua inanukia, na karafuu bado ziko nje. Naenda kukunja majamvi.

Baba yako