Kona ya Maswali: Gogo, Machungwa na Usiku Mrefu wa Yule

Wasomaji wetu walioko Ulaya wametuandikia kuhusu Yule, sikukuu ya majira ya baridi ya wafuasi wa dini ya kipagani iitwayo Wicca. Wengine wamealikwa na majirani, wengine wameoa au kuolewa katika familia zinazoiadhimisha, na wengine wanaifuata dini yenyewe. Hizi ni barua tulizoweza kuzijibu safari hii.

Jirani yangu hapa Leeds, mama mtu mzima na mwema sana, amenialika Yule nyumbani kwake. Mimi ni Mwislamu. Nitalazimika kushiriki ibada? Na nibebe nini?

Hulazimishwi, dada. Muulize tu mapema: ni karamu, au kutakuwa na duara? Karamu ni chakula, mishumaa na mazungumzo, basi. Duara ni ibada. Kiongozi huzungushia mahali pa kusimama na kuziita pande nne: mashariki ya hewa, kusini ya moto, magharibi ya maji, kaskazini ya ardhi. Humo ndani watu huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Kama hutaki kuingia, sema tangu mwanzo. Utakaa pembeni au utafika ibada ikiisha, na hakuna atakayenuna. Ukiingia, usichomoke ghafla. Mwambie kiongozi naye atakufungulia njia.

Kinywaji cha desturi hupikwa kwa tofaa na viungo, na mara nyingi kina kileo, kwa hiyo uliza kabla ya kuonja. Bora ubebe chako: juisi ya tofaa lita 2, vijiti 2 vya mdalasini, karafuu 6, vipande vitano vya tangawizi na chungwa moja lililokatwa. Pasha kwa moto mdogo dakika 30 bila kukiacha kichemke, kwa maana kikichemka sana karafuu na ganda la chungwa hutoa uchungu.

Nyumbani wanasema Wicca ni kumwabudu shetani. Ni kweli?

Si kweli. Shetani hayumo katika mafundisho yao. Wicca ni dini ya kipagani iliyotangazwa hadharani na Mwingereza Gerald Gardner miaka ya 1950, baada ya Uingereza kufuta sheria yake ya zamani ya uchawi mwaka 1951. Mwaka wao una sikukuu nane zinazofuata jua na misimu, na Yule ndiyo ya usiku mrefu kuliko wote. Husimulia kwamba usiku huo mungu wa kike anamzaa upya mungu wa jua. Wengine huongeza kisa cha mfalme wa mwaloni anayemshinda mfalme wa holi, ule mti wa majani yenye miiba na matunda mekundu.

Nataka kutengeneza gogo la Yule la mishumaa mitatu. Mwaka jana la kwangu lilibiringika, na mshumaa mmoja ukainama ukamwaga nta mezani.

Hayo ni makosa mawili tofauti, na yote yanaanzia kwenye kuandaa mti.

Tafuta gogo kavu la mwaloni au mti mwingine mgumu, urefu sentimita 35 hadi 40, unene sentimita 10 hadi 12. Ukavu utaujua kwa kugonganisha magogo mawili: makavu hulia kwa sauti kali, mabichi hutoa kishindo kizito. Bichi likikaa karibu na hita litapasuka, na ufa hupenda kupita kwenye matundu uliyotoboa.

Bapaza tumbo la gogo kwa randa mpaka upate uso wa upana wa sentimita 5 hivi, kisha lijaribu mezani kwa kulisukuma kidogo. Vijiti vya kuzuia pembeni havitoshi, huteleza. Likishatulia, chora mstari juu, katikati ya mgongo, uweke alama tatu: moja katikati na nyingine sentimita 10 kila upande.

Sasa matundu. Mishumaa mirefu ya mezani kwa kawaida ina unene wa milimita 22 hivi kwenye kitako, lakini pima ya kwako kwanza. Banisha gogo kwa klampu, tumia biti ya milimita 22 au 23, toboa kina cha sentimita 2.5, na mtu mwingine asimame pembeni akutazamie kama drili iko wima. Tundu likienda mshazari, mshumaa nao utakwenda mshazari. Likiwa pana, zungushia kitako foili ya jikoni, kamwe usitumie karatasi. Likiwa dogo, chovya kitako kwenye maji ya moto sekunde chache kilainike, kisha kididimize. Ndani ya kila tundu tanguliza kikombe kidogo cha chuma cha mshumaa ukikipata, na hapo tundu lifuate kipimo cha kikombe.

Mapambo ndiyo yanayounguza nyumba. Majani ya msonobari yana utomvu, na yakikaa ndani ya nyumba yenye hita hukauka upesi kisha hushika moto mara moja. Yapange chini, ubavuni mwa gogo, si kuzunguka mishumaa, na uyabadilishe yakianza kudondoka ukiyagusa. Zima kila mshumaa ukibaki sentimita 5.

Gogo hili si la kutupwa motoni. Wenye meko huchoma gogo jingine na kubakiza kipande cha kuwashia la mwaka unaofuata. Hiyo ndiyo desturi ya zamani.

Vipande vyangu vya machungwa vya kutundika vilikuwa vyeusi pembeni na katikati vinanata. Baada ya siku nne vikaota ukungu.

Oveni ilikuwa na moto mwingi na vipande vilikuwa vinene. Pembeni huungua kabla maji ya katikati hayajatoka, nawe unadhani vimekauka. Kata unene wa milimita 5, vyote sawa, vikaushe kwa taulo, vipange kwenye rafu ya waya na uoke kwa nyuzi 100 saa tatu hadi nne, ukivigeuza kila nusu saa. Acha mlango wa oveni wazi kidogo mara mbili tatu ili mvuke utoke. Kipande kiko tayari ukikibonyeza katikati kisipoacha unyevu kidoleni.

Kama una subira, chungwa zima la karafuu linapendeza zaidi na harufu yake hudumu. Chukua chungwa dogo gumu na karafuu nzima gramu 40. Kama umeletewa karafuu za Pemba, minya moja kwa ukucha: ikitoa mafuta, bado ni nzuri. Toboa ganda kwa kijiti cha meno, chomeka karafuu, na kati ya moja na nyingine acha nafasi ya milimita 3. Nafasi hiyo ni lazima, kwa sababu chungwa hunywea; karafuu zikibanana ganda hupasuka, na ukungu huingilia hapo. Lizungushe kwenye unga wa mdalasini na kungumanga, liweke ndani ya mfuko wa karatasi mahali pakavu penye joto, uligeuze kila siku kwa wiki tatu hadi nne. Ukitumia mfuko wa plastiki litaoza. Kwa hiyo anza kabla Novemba haijaisha.

Yule ni usiku mrefu kuliko wote, tarehe 21 Desemba. Mbona hapa London jua linazama mapema zaidi kabla ya siku hiyo?

Umeona sawasawa. Tarehe 21 mchana wa London ni wa saa 7 na dakika 50 hivi, mfupi kuliko wote: jua huchomoza kama saa mbili na dakika nne asubuhi na kuzama kama saa tisa na dakika 53 alasiri. Lakini machweo ya mapema zaidi huwa karibu na tarehe 12, na macheo ya kuchelewa zaidi huja mwisho wa Desemba. Sababu ni kwamba wakati huo siku ya jua, adhuhuri hadi adhuhuri, huzidi kidogo saa 24, hivyo adhuhuri yenyewe husogea mbele. Wanaokesha kulisubiri jua wakumbuke hilo wanapopanga saa.

Tunaishi chumba cha kupanga, mishumaa na ubani ni marufuku. Tufanyeje?

Tumieni taa za mshumaa za betri, na msione haya. Kinachobeba Yule ni giza, na ndicho watu wanachokiruka wakikimbilia mapambo. Zimeni kila kitu, pamoja na simu na kitaa cha ruta, mkae dakika 15 bila kuongea. Kisha mmoja awashe taa moja, ampe wa pili awashe yake, mpaka wote. Karatasi za mambo mnayoyaacha, ambazo wengine huzichoma, zichaneni mziloweke kwenye bakuli la maji.

Niko Dar es Salaam na ninafuata Wicca. Niadhimishe Desemba?

Wafuasi wa Afrika Kusini na Australia huiadhimisha tarehe 20 au 21 Juni, kwa sababu ndipo usiku wao unapokuwa mrefu. Dar iko kusini ya ikweta, kwa hiyo Juni ndiyo yako pia, ingawa tofauti ya mchana wa Juni na wa Desemba haifiki saa moja. Kinachoonekana wazi zaidi ni kivuli cha adhuhuri. Simika kijiti wima uwanjani: Juni kivuli chake huelekea kusini na ni kirefu, Desemba huelekea kaskazini na ni kifupi. Weka jiwe kwenye ncha ya kivuli kila siku kuanzia Juni 10, saa ileile. Utaona mawe yanavyokaribiana mpaka kivuli kinaacha kurefuka, kisha kinaanza kurudi.