Kiingereza Kilinikaa Nilipoanza Kukichora

Wiki iliyopita ripoti yangu ya robo mwaka ilipita. Kiingereza kitupu mwanzo hadi mwisho, na mkurugenzi akaituma kwa wafadhili kama ilivyo. Hakuna aliyesema "hebu mpe fulani aipitie kwanza." Kwa mtu aliyesoma msingi kwa Kiswahili, akafika kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, mtanielewa nikisema nilitoka ofisini kichwa juu.

Nawaandikia kwa sababu najua wengi wenu mnataka hichohicho: kuandika barua ya kazi, ripoti au andiko la kuomba fedha bila kumwomba mtu akusahihishie. Kilichonisaidia mimi ni kuichora sentensi kwa penseli, kila neno kwenye mstari wake.

Kazini kwangu kwa zamani, bosi wetu alikuwa na tabia ya kusoma sentensi zangu kwa sauti kwenye kikao cha Jumatatu. Anasoma, anatulia, anawatazama wenzangu, wanacheka. Hakuwahi kunionyesha kosa liko wapi. Ni "Kiingereza cha kuungaunga," basi, tunaendelea na ajenda. Miaka imepita na bado nasikia kile kicheko. Mtu akikucheka lugha unajiona umechekwa akili, na akili yangu haikuwa na tatizo lolote. Nilichokosa ni mtu wa kunionyesha sentensi ya Kiingereza imejengwaje.

Aliyenionyesha ni mama mmoja wa Kimarekani, mwalimu mstaafu, aliyekuja kujitolea kwenye mradi wetu. Alichukua rasimu yangu, akaigeuza upande mtupu, akachora mstari mmoja mlalo kwa penseli. Akaukata katikati kwa mstari wima uliopita hadi chini. Kushoto kiima, kulia kitenzi. Akaniambia masista ndio waliomfundisha hivyo alipokuwa mtoto, na kwamba hajawahi kuandika sentensi ndefu bila kuiona hiyo michoro kichwani.

Njia yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1847 mwalimu wa jimbo la New York, Stephen Watkins Clark, alichapisha sarufi iliyopanga maneno ndani ya viduara vilivyoshikana. Kisha mwaka 1877 Alonzo Reed na Brainerd Kellogg wa Brooklyn wakaleta mistari badala ya viduara, na michoro yao ikatawala shule za Marekani kwa miongo mingi. Mama yule alinichorea ya Reed na Kellogg.

Wale mliosoma Kiswahili sekondari mnakumbuka uchanganuzi wa sentensi, njia ya matawi na njia ya jedwali. Tulichora KN (kikundi nomino) na KT (kikundi tenzi) mpaka mikono ikauma. Kwa nini basi Kiingereza, lugha tuliyoihitaji kufaulu masomo mengine yote, hakuna aliyetuchorea? Tulipewa orodha ya nyakati tukariri. Hili linaniudhi mpaka leo.

Tazameni sentensi hii: "The results of the survey was good." Wengi wetu tunaiandika, kwa sababu sikio linasikia "survey was" na linaridhika. Ichoreni. Kwenye mstari mkuu, upande wa kiima, anakaa "results" peke yake. Hiyo "of" inaning'inia chini yake kwenye mstari wa mshazari, na "survey" inakaa kwenye kijistari mlalo kilichoshikwa na huo mshazari. Imeshuka, haipo tena jirani na kitenzi. Juu yamebaki "results" na "was" wakitazamana, na hapo huhitaji kuambiwa na mtu kwamba inatakiwa "were". Nilipoliona hilo kwenye karatasi, nilikaa kimya. Miaka yote ile ya Jumatatu, na jibu lilikuwa mistari mitatu ya penseli.

Au hii: "My father he is a farmer." Sisi tumezoea kitenzi kinachobeba kiambishi cha mtenda, ukisema "baba analima," ile a- iko ndani ya kitenzi hata kama baba umeshamtaja. Ndiyo maana "he" inaponyoka. Mchoro hauna kiti cha pili cha kiima: "father" ameshakaa, "he" anabaki amesimama. Na angalia baada ya kitenzi. Ukiandika "My father hired a farmer," kabla ya "farmer" unaweka kijistari wima kisichovuka mstari mkuu, maana huyo ni shamirisho, yaani anayetendewa, mtu mwingine. Ukiandika "My father is a farmer," kijistari kinalala nyuma kuelekea kwa "father", maana mkulima ndiye baba mwenyewe.

Sentensi ndefu ndizo tamu zaidi. "The man who sold my brother the motorcycle lives near the market." Mstari mkuu una maneno mawili tu, "man" na "lives". Kishazi cha "who sold" kinapata mstari wake chini, na nukta zinapanda kutoka "who" hadi "man". Ukishaweza hiyo, mkataba au barua ya bima haikutishi tena.

Kuna watakaowaambia mambo haya yamepitwa na wakati. Ni kweli mwaka 1985 baraza la taifa la walimu wa Kiingereza Marekani lilipitisha azimio la kupinga mazoezi ya sarufi yanayofundishwa peke yake, yakitengwa na uandishi. Lakini fikirini: shule zile zimejaa watoto waliokunywa Kiingereza pamoja na maziwa. Sikio lao linawasahihisha. Sisi sikio letu limelelewa na Kiswahili, na Kisukuma, na Kihehe, kwa hiyo tunahitaji macho yatusaidie. Na mimi siwaambii mchore sentensi za mazoezi. Choreni zenu wenyewe, zile mnazotaka kuzituma kesho.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kukariri. Chukua sentensi moja uliyoiandika leo kazini. Tafuta kitenzi kwanza, uliza nani anakifanya, weka hao wawili juu. Mengine yote yashushe mahali pake. Neno likikosa pa kukaa, tatizo liko hapo hapo, usilipite. Chora nyingine. Kesho chora tena. Usione haya mtu akikukuta na penseli ukiwa mtu mzima; waliokuona kituko hawatakuandikia barua yako ya kazi.

Kitabu cha Reed na Kellogg, Higher Lessons in English, kinapatikana bure Project Gutenberg. Kiingereza chake ni cha karne ya 19, kwa hiyo msihangaike na kila neno. Anzeni na masomo ya mwanzo yenye michoro mifupi, na tumieni daftari pana, maana sentensi za ofisini zinakula karatasi.