Re: −5 inakuwaje namba kamili na namba wiani kwa pamoja?

Mkuu umeuliza mbona −5 inaitwa namba kamili halafu tena namba wiani, na 0.333… inakaa wapi. Hazigombani hizo. Namba kamili ni zile zisizo na vipande: …−2, −1, 0, 1, 2… Hasi ichukulie kama deni, una elfu 3 mfukoni na mangi anakudai elfu 8, ukimpa zote bado unadaiwa elfu 5, hiyo ndo −5 yako.

Namba wiani ni yoyote inayoandikika kama sehemu, juu namba kamili chini namba kamili, ila chini isiwe sifuri. Sasa −5 si unaweza kuiandika −5/1? Basi imeingia, yani kila namba kamili ni wiani ila sio kila wiani ni kamili, mfano 3/4.

Hiyo 0.333… ndo inachanganya wengi, fanya hivi: iite x, zidisha kwa 10 upate 3.333…, toa x ya mwanzo, mikia inakatana yote inabaki 9x = 3, kwa hiyo x ni 1/3. Desimali yoyote inayojirudia inatoka hivyohivyo.

Alafu angalia sana 22/7. Hiyo ni wiani kabisa, ila pai yenyewe (π, ile ya duara) sio, 22/7 tunaitumia kuikadiria tu: 22/7 ni 3.142857 inayojirudia, pai ni 3.14159… na haijirudii kamwe. Mtihani ukiuliza pai usijibu wiani!