Fundi Anajibu: Ndoano ya Trela kwenye Defender Kuukuu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la Land Rover Defender 110 la 1994, nataka ivute trela la maji, lita 1,000, shambani Karatu. Fundi wa hapa anataka kuchomelea ndoano kwenye boriti ya nyuma, kile chuma kinachokatiza mwisho wa chesisi. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Usikubali! Kwanza ingia uvunguni, uigonge boriti hiyo kwa nyundo. Kwenye Defender huoza mapema. Nyundo ikizama, badilisha boriti. Kisha funga ndoano kwa bolti za M16 (unene wa milimita 16), daraja la nguvu 8.8, na vyuma viwili vya kuikaza hadi kwenye chesisi. Niliwahi kuona ndoano ya kuchomelea iking'oka mteremkoni; sitaki yakukute. Maji peke yake ni tani moja, kwa hiyo trela liwe na breki zake. Ukikwama matopeni, usivutwe kwa ile gololi ya ndoano inayoshika trela: ikikatika, inaua.