Anakoroma halafu pumzi inakata
SWALI: Shikamoo dokta, mume wangu ni dereva wa daladala, anakoroma mpaka watoto chumba cha pili wanaamka, ila kinachonitisha ghafla ananyamaza, kifua kinahangaika hewa haiingii, halafu anashtuka kama mtu aliyekabwa. Mchana anasinzia hata akiwa anakula. Ni jinamizi?

JIBU: Marahaba mama. Sio jinamizi, dalili hizo ni za apnea ya usingizi, yaani koo linalegea linaziba njia ya hewa, pumzi inakata sekunde 10 au zaidi, tena na tena usiku kucha. Muulize kama anaamka kichwa kinamuuma, mdomo mkavu, na presha apimwe. Mrekodi video kwa simu akiwa amelala, muende nayo kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa sasa alale ubavu, pombe aache, na nakuomba sana mama, akisikia usingizi asishike usukani kabisa.